Dafu la Dauto

Watu wenye bunduki walimjia Dauto alfajiri, kijijini kwa mama yake nyuma ya Olumbi, kwa sababu alikuwa mlinzi wa lango kwenye kambi ya gesi na kila mtu alikiona kizibao chake cha manjano kikianikwa uani. Anli, jirani, alitoka nje kuuliza kuna nini. Wakamkata shingo mlangoni pake huku wakilitaja jina la Mwenyezi Mungu, astaghfirullah. Kisha wakatia moto makuti. Paa likashuka, ukuta wa mawe ukafuata, wakadhani Dauto amekwisha humo ndani, wakaelekea barabarani wakifyatua bunduki.

Dauto hakufa. Zuleica, dada yake mkubwa, mjane, alipotoka kwenye mihogo alikojificha na mama yao, alimkuta kalala chali majivuni, boriti ya mkoko na mawe ya ukuta vimemkalia mapaja yote mawili.

"Dada," alisema, "mimi ninalipwa kulinda lango, si kulala chini yake."

Zuleica aliisukuma boriti mpaka kucha zikang'oka, haikucheza. Ikabidi amwache na mama yao, Bi Awa, akakimbia kumtafuta enfermeira, muuguzi wa posto ya afya. Amélia, mtu wa kusini aliyeletwa na serikali, alikuwa amejificha kwenye choo cha posto, mfuko wa dawa kaukumbatia. Waliporudi, wakiruka miili njiani, ilikwisha kuwa saa tano.

Amélia aliigusa miguu iliyobanwa. Ilikuwa baridi, migumu kama gogo.

"Amekojoa?"

"Tangu alfajiri hajakojoa," alisema Bi Awa. "Toeni hili libao!"

"Bado, mamã. Tukilitoa sasa hivi atakufa mikononi mwetu." Alikuwa akitafuta mshipa huku anasema. "Nyama ya miguu imeanza kufa. Ndani yake mna chumvi, inaitwa potássio, na boriti ndiyo iliyoizuia isitoke. Tukiinua, yote inakimbilia moyoni, moyo unasimama. Figo ndizo za kuitoa kwa mkojo, na figo zake zimekauka. Kwanza aingie maji haya."

Akampa Zuleica chupa ya soro, yale maji ya mshipani, aishike juu. Zuleica akaishika, mdomo wake ukisoma Ayatul Kursiyu. Bunduki zikalia tena, safari hii karibu zaidi.

"Wanarudi," alisema Dauto. "Dada, nina kiu. Nakufa kwa kiu."

Huku pwani, mtu akikatwa na panga, au akianguka mnazini, kabla ya kuulizwa lolote hupewa dafu. Bi Awa alikuwa nalo ndani ya kanga, limekwisha kukatwa.

"Alikunywa moja asubuhi, likamtuliza," alisema. "Hili la pili."

Amélia akageuka kama aliyeumwa na nge. "Usimpe! Dafu limejaa chumvi hiyohiyo! Zuleica, asinywe hata tone!"

"Tangu lini majeruhi akanyimwa dafu? Wewe mwana wa watu, kwenu mnawauaje wagonjwa?"

"Mama, acha," alisema Zuleica.

"Nipe, mama," alisema Dauto. "Dada ana roho ya fisi. Mume wake kamzika, sasa anataka kunizika na mimi!"

Bi Awa akapiga magoti, akamwinua mwanawe kichwa, akalipeleka dafu mdomoni. Zuleica mkono mmoja una chupa. Kwa ule mwingine akamtandika mama yake ngumi ya mdomo. Dafu likaruka majivuni. Bi Awa akaanguka kwa ubavu, damu ikamtoka kwenye meno, na Dauto akamtemea dada yake mate usoni.

Chupa ikaisha. Amélia akatundika ya pili kwenye mti wa ukuta uliobaki.

"Sasa. Haraka."

Zuleica akachomeka mti wa mkoko chini ya boriti, akaulalia kwa tumbo. Haukutosha. Akahisi mwili mwingine ukiulalia kando yake, pumzi inanuka damu. Ni mama yake. Boriti ikanyanyuka kiganja kimoja, Amélia akamvuta Dauto kwa makwapa.

Dauto akapiga ukelele, kisha akanyamaza, macho yakageuka meupe. Amélia akachoma sindano ya kalsiamu ya kuukinga moyo, moja tu aliyokuwa nayo, iliyowekwa kwa ajili ya wajawazito wenye kifafa cha mimba, akaisukuma polepole mshipani. Akapiga magoti ubavuni kwa Dauto, akamkandamiza kifua kwa viganja mpaka ubavu ukalia.

"Rudi! Rudi, mwanaume!"

Dauto akakohoa.

Wakamburuta kwa mkeka hadi kwenye mikoko. Nyuma yao wale wauaji walikuwa wamerudi, wanavunja kilichobaki. Zuleica alikaa topeni, chupa juu, hawezi kumtazama mama yake. Mkono uliompiga aliukalia.

Adhuhuri ilipoingia Dauto akasema, kwa sauti ndogo, "Nataka kukojoa."

Bi Awa, mdomo umevimba kama embe, akaokota kifuu topeni, akakikinga.

"Kojoa, baba."

Ukatoka mweusi kama maji ya magome ya mkandaa, kidogo, kisha mwingi. "Figo zimeamka," alisema Amélia, akaanza kulia. Bi Awa alikishika kifuu mpaka mwisho, akasema bila kugeuka:

"Wewe Zuleica nitakusamehe siku nyingine. Leo nina kazi."