Matanga Yaliyokwama Kwenye Kamera

Kamera ilikuwa ya Philbert, kaka yake Veneranda. Aliinunua alipokuwa akifanya biashara Zambia, na mwaka 2001, aliposafiri mara ya mwisho, aliiacha nyumbani Mlandege, mjini Iringa. Muda mfupi baadaye ikaja habari kwamba basi alilopanda limeungua ng'ambo ya mpaka wa Tunduma na waliokufa wamezikwa hukohuko. Familia ikaweka matanga bila mwili. Veneranda alikuwa akisoma shule ya bweni Mbeya. Alipofika nyumbani, watu walishatawanyika na mama yake alishabadilika. Mama alisema Philbert alikuja mlangoni. Alilisema hilo miaka yote mpaka alipofariki mwaka jana, na watu walikuwa wakimwitikia kama anavyoitikiwa mgonjwa.

Baada ya mazishi ya mama, kamera ikaonekana kabatini, kanda imekwama ndani. Veneranda, ambaye sasa ni mwalimu Mbeya, akaipeleka kwa Lutengano, fundi wa redio na televisheni wa hukohuko. Alitaka tu kuiona tena sura ya kaka yake.

Lutengano alipoiwasha, mota ilinguruma kidogo ikanyamaza, na mlango wa kanda haukufunguka. Akatoa skrubu, akamwonyesha: grisi imekauka kama ulimbo, gia hazizunguki, na utepe umejisokota kwenye kichwa kinachosoma picha. Ukivutwa, alisema, utakatika. Akalainisha gia kwa spiriti, akazizungusha taratibu kwa bisibisi, huku akiukwamua utepe kidogo kidogo kwa kijiti cha pamba. Kazi ilikula mchana wote. Kanda ilitoka nzima, ila mwishoni ina makunyanzi. Fundi akasafisha, akapaka grisi mpya, akairudisha, akaunganisha waya kwenye televisheni.

Sura ya Philbert haikuwemo. Yalikuwemo matanga yake.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanaimba. Mama yupo katikati, nywele zake bado nyeusi. Kisha aliyekuwa akirekodi aliiweka kamera juu ya kabati akaisahau ikiendelea kurekodi. Ndani kukaanza kuwa giza, mvua ikasikika juu ya bati. Mlango ukagongwa.

"Mama, ni mimi. Nifungulie, nimelowa."

Veneranda aliijua sauti ile kabla neno la kwanza halijaisha.

Kwenye kanda, wimbo ulikatika. Mama aliinuka, shangazi Sabina akamshika kiunoni, wengine wakamshika mikono. Baba mdogo Aroni alisogea mlangoni na panga, akasema, "Umeshaliliwa. Rudi ulikotoka."

Mlango ukagongwa mara moja tena, polepole. Hapo makunyanzi yakaanza, picha ikavunjika mistari, na sauti ya mama ikavutika mpaka ikapotea.

Lutengano alizima televisheni.

Jumamosi Veneranda alipanda basi kwenda Iringa. Baba mdogo alishafariki zamani, lakini shangazi Sabina yupo, anaishi upande wa Tosamaganga. Alimkuta anachambua maharage. Alipomweleza alichokiona, shangazi aliweka ungo chini.

"Tulimsikia wote," alisema. "Asubuhi tukakuta nyayo kwenye tope mpaka barabarani."

"Mzimu hauna nyayo, shangazi."

"Najua. Tulijua asubuhi ileile." Alisema wanaume walitoka kumtafuta, wakaulizia mpaka stendi, hawakumpata. Wakakubaliana kunyamaza. Mama angejua ukweli, alisema, angemwua Aroni au angejiua mwenyewe.

Veneranda hakulia mbele yake. Aliaga, akateremka hadi parokiani kuomba Misa. Padre, kijana asiyeijua habari ile, akamuuliza jina la anayeombewa, kisha akauliza kama ni Misa ya marehemu au ya mtu aliye hai.

Veneranda akawaza. Basi lile huenda liliungua kweli, na Philbert hakuwemo. Huenda alishuka njiani, akarudi nyumbani akikimbia mvua, akaambiwa na watu wake mwenyewe kwamba amekufa, na akaamini.

"Soma jina tu, Padre," alisema mwishowe. "Mungu ataliweka panapostahili."

Jumapili jina la Philbert likasomwa peke yake, bila neno "marehemu". Shangazi Sabina, aliyekaa benchi la mbele, aliinuka akatoka nje.