Kuanguka Kwenye Nyasi za Merv

Sanamu ya mazoezi ya huduma ya kwanza niliilaza katikati ya uwanja makusudi. Hapo ndipo Ross, mume wangu, hupenda kucheza, na hapo ndipo atakapoanguka moyo wake ukisimama tena. Ulishasimama mara moja, lakini ilikuwa ndani ya hospitali niliyofanyia kazi ya uuguzi, karibu na mashine na watu wanaojua kuitumia. Hapa Wirrabool, mji wetu mdogo, gari la wagonjwa hutoka mji mwingine, na hata barabara ikiwa nzuri huchukua zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo atakayemwokoa Ross ni mwanachama wa klabu yetu ya kubiringisha matufe kwenye nyasi, au hakuna.

Wanachama walikuwa barazani wakila keki za nazi. Mashine ya kushtua moyo ilining'inia ukutani nyuma yao; tuliinunua kwa kuuza soseji Jumamosi nyingi. Mezani niliweka nyingine ya mazoezi, inayotoa maagizo kwa sauti ya mwanamke kama ile.

"Mtu ameanguka," nikasema. "Haya!"

Glenys Pascoe, kapteni wa wanawake, aliinuka kwa kasi iliyonipa matumaini. Akafika ukingoni mwa uwanja, akaketi kwenye benchi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Glenys, unafanya nini?"

"Nabadili viatu, Sista."

"Mtu anakufa."

"Namwona, masikini. Lakini hivi vina kisigino."

Wengine nao wakaja kuketi, wakasogeleana kwenye benchi. Trevor, mweka hazina, alikuwa na mashine mapajani, akiuliza nani kaona kiatu chake cha kushoto cha uwanjani. Mashine ilikuwa ikimwamuru abandike vibandiko kwenye kifua cha mgonjwa.

"Ngoja basi, mama," Trevor akaijibu.

Nikawasimamisha. Nikawaeleza tena kwamba bila mshtuo na bila kukandamizwa kifua, kila dakika hula karibu sehemu moja ya kumi ya nafasi ya kupona. Kimbieni na mlichovaa, nikasema.

Wote wakamgeukia Merv Haldane, mtunza uwanja.

"Hapana," akasema Merv.

"Merv, ni uhai wa mtu."

"Nimekusikia. Na mimi nakwambia, kisigino kikizama kwenye nyasi hizi, shimo lake utaliona mpaka mwisho wa msimu. Waende peku. Nani kawakataza?"

"Mimi nina soksi za kubana mpaka kwenye paja," akasema Glenys. "Daktari kaniambia nisizivue."

"Basi mfe nyote," nikasema. "Ross, waambie. Wewe ndiye mwenye moyo mbovu."

Ross alikuwa akiutazama uwanja. Sanamu hakuitupia jicho.

"Fainali ni Jumamosi, Nola."

"Sijakuuliza fainali. Ukianguka pale, nije na viatu au nisije?"

"Viatu gani?"

Wakacheka wote, Merv zaidi. "Umemsikia mgonjwa mwenyewe!"

Tulirudia zoezi mpaka keki zikaisha. Kila kundi lilimfikia marehemu, maana kwa hesabu yangu alikuwa marehemu, likiwa na viatu safi vyenye soli bapa. Na walipofika, walikandamiza vizuri kabisa: viganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, mwendo haukupungua. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Walijua kila kitu isipokuwa kufika.

Tukirudi nyumbani, tulipofika maghala ya ngano, Ross alinigeukia.

"Nimeongea na Glenys na Merv," akasema. "Kuanzia Jumamosi nacheza njia ya kwanza ya uwanja, ile ya pembeni kabisa."

"Si unaichukia?"

"Tufe linapinda kama limelewa. Lakini nikianguka pale, mtu anasimama kwenye zege la ukingoni, ananishika miguu, ananivuta nje. Hakuna anayekanyaga nyasi. Merv amekubali."

"Merv amekubali usife."

"Kwa masharti."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikapiga hesabu badala yake: kutoka ukutani hadi njia ya kwanza ni zege tupu, na kwa viatu vyovyote mashine ingemfikia chini ya dakika. Hakuna hoja yangu ya siku ile iliyokuwa imeleta matokeo kama hayo.

"Sawa," nikamwambia. "Lakini usiende katikati kushangilia."

"Hata tukitwaa kombe?"

"Hata mkitwaa kombe. Watakuletea pembeni."