Inhela Iliyofungwa kwenye Kanga

Kutoka Nambambo mpaka Nachingwea mjini, na kutoka hapo mpaka Ruangwa, Mwamina alikuwa akitukana kimoyomoyo kwa sababu ndani ya gari kulikuwa na watu. Alipopanda pikipiki ya kumfikisha Chinongwe alitukana kwa sauti, mpaka dereva akageuka kumwuliza amemkosea nini.

"Wewe hujanikosea. Tazama mbele usituue."

Simu ilikuwa imeingia asubuhi ile, aliyepiga ni Hadija, wifi wa binti yake. Shakila alibanwa na kifua jana, wakiwa shambani wanapulizia mikorosho salfa. Walimkimbiza hospitali, akavutishwa dawa kwa mashine, jioni akaruhusiwa. Sasa anaendelea vizuri, mama usiwe na wasiwasi.

Usiwe na wasiwasi! Mtoto ana pumu tangu darasa la pili, unamtia kwenye salfa, halafu unamwambia mama yake asiwe na wasiwasi! Mwamina alikuwa na miaka ishirini kwenye korosho na vumbi lile la njano alilijua vizuri. Yeye mwenye mapafu mazima alijifunga kitambaa puani na bado alikohoa mpaka jua likazama. Shakila alipokuwa kwao, msimu wa kupulizia ukikaribia alipelekwa kwa mjomba wake kule Chiola, akae huko mpaka kazi iishe. Leo ana wiki saba tu za ndoa, na wenye mke wameshataka kumwua.

Alipofika uani, Anuari alikuwa ameifungua mashine ya kupulizia anaisafisha. Kumwona mama mkwe wake akafanya kama mkwe anavyotakiwa: aliweka spana chini, akasogea ukutani, akachuchumaa macho chini, akamtuma dada yake Hadija apeleke salamu. Mama mkwe na mkwe hawazungumzi uso kwa uso, neno lao hupita kwa mtu wa tatu. Siku ya harusi Mwamina mwenyewe ndiye aliyesimamia adabu hiyo kwa ukali kuliko wote. Leo aliikanyaga kwa miguu miwili.

"Wewe Anuari! Inuka unitazame! Nilikupa mke au nilikupa kibarua?"

Anuari hakuinuka. Mama yake, Swaumu, alitoka jikoni akifuta mikono.

"Mkwe wangu, karibu. Kaa kwanza, unywe maji."

"Maji kanywe wewe. Nimekuja kumchukua mwanangu. Mlikuwa mnamtuma nini kwenye salfa? Alikuwa anashika nini?"

"Mfuko," alijibu Hadija kwa sauti ndogo. "Alikuwa anamiminia kaka kwenye mashine."

Mwamina aliona giza kwa hasira. Kumiminia! Kazi ya kuinamia vumbi lenyewe! Hakungoja kukaribishwa. Alipita sebuleni moja kwa moja mpaka chumbani kwa mkwewe, mahali ambapo mama wa mke haingii hata akiitwa, na nyuma yake akamsikia Swaumu akivuta pumzi kwa mshtuko.

Shakila alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito miwili. Midomo ilikuwa imemkauka na alizungumza kwa kukatakata maneno.

"Mama. Umeingia huku?"

"Nimeingia. Inuka, nakufungia nguo zako. Leo unalala Nambambo."

Alivuta sanduku la uvunguni na kuanza kutoa magauni. Chini kabisa kulikuwa na kanga mpya, ile aliyomfunga binti yake mwenyewe siku ya kuondoka nyumbani. Ilikuwa imekunjwa na kufungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na kitu kigumu, na kabla hajafungua alishajua ni nini.

Ilikuwa inhela ya kila siku, ile yenye dawa mbili ndani yake, ya kutuliza uvimbe kifuani na ya kuiweka njia ya hewa wazi. Nyuma ina kidirisha kinachoonyesha namba ya mivuto iliyobaki. Ilipotoka kliniki ilisoma mia na ishirini. Mvuto mmoja asubuhi, mmoja jioni. Kwa wiki saba ilitakiwa ibaki kama ishirini na kitu. Mwamina alikisogeza kidirisha kwenye mwanga wa dirisha. Kilisoma mia na kumi na saba.

"Wamekunyima dawa," alisema. "Wamekufungia dawa sandukuni!"

"Hakuna aliyenifungia."

"Basi nani?"

Shakila alimtazama. Machoni mwake mlikuwa na hasira, hasira ambayo Mwamina hakuwahi kuiona kwa mtoto huyu.

"Wewe, mama. Nikiwa ndani, nafundwa. Ulisema nikiwa mzima niiweke, nisiizoee. Ulisema wakwe wasinione navuta dawa kila siku, watasema tumewaoza mgonjwa. Na ukasema ya ndani hayatoki nje, hata mume hayasikii. Nimefanya ulivyosema."

Mwamina alibaki na inhela mkononi. Alikuwa ameyasema hayo, neno kwa neno. Na nesi Winfrida wa kliniki ya Nachingwea alikuwa amewaambia wote wawili, siku ileile wanakabidhiwa inhela: ivutwe kila siku hata kama kifua hakibani, kwa maana kazi yake ni kuzuia, ile ya bluu ndiyo ya kukimbilia ukibanwa, ukimaliza kuvuta, sukutua na uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni, na usiache mpaka daktari aseme. Mwamina alitikisa kichwa kukubali, kisha akaenda nyumbani na kumfundisha mtoto vingine.

Sauti ya Anuari ilisikika nje ya pazia. Hakuwa akizungumza na mama mkwe wake. Alizungumza na dada yake, lakini kwa nguvu ya kutosha.

"Hadija, mwambie mama. Mikorosho naipulizia kabla ubwiriunga, ule ukungu wa maua, haujaingia. Sisubiri maua yageuke meupe, na yeye hasubiri, Nambambo nzima wanamsifu kwa hilo. Mke wangu nimejua ana pumu jana, kwa daktari, ameshabadilika rangi. Mimi ndiye niliyemkabidhi mfuko wa salfa. Kwa mikono yangu! Muulize, kwa nini sikuambiwa mapema, nami nizuie?"

Hadija hakuwa na haja ya kurudia.

Hasira ya Mwamina haikupoa, ila ilikosa pa kwenda ikamrudia mwenyewe, na ilimuuma kuliko ilivyokuwa inamuuma njiani. Aliyarudisha magauni sandukuni. Alimshika Shakila mkono, wakatoka naye polepole mpaka uani, akamkalisha kwenye mkeka mbele ya watu wote. Halafu yeye akaketi chini, kwenye udongo, akamgeukia mkwewe bila mtu wa kati.

"Mimi ndiye niliyemkataza. Niliogopa mtamrudisha. Nilimwonea aibu mtoto wangu mwenyewe kwa kifua chake, nikakuficha wewe unayelala naye. Nilipiga kelele hapa kama mwendawazimu, na mwenye kosa ni mimi."

Swaumu aliketi karibu naye, naye chini.

"Vuta," Mwamina alimwambia binti yake. "Hapahapa. Wakwe zako wakuone."

Shakila alitoa pumzi yote, akaweka inhela mdomoni, akavuta kwa nguvu, akabana pumzi. Alipoachia, Anuari alikuwa amesimama na kikombe cha maji. Alisukutua, akatema kwenye mchanga, akasukutua tena.

Mwamina alichukua inhela akasoma kidirisha. Mia na kumi na sita.

"Jioni tena," alisema kwa ukali uleule. "Na kesho asubuhi. Nitapiga simu kila siku niulize namba, na isiposhuka nakuja."

Anuari alichuchumaa tena mahali pake ukutani. Aliendelea kutazama chini, lakini hakumtuma Hadija.

"Nitakusomea mwenyewe, mama."