Anayemsomea Bibi Picha

...hapana, huyo mwanamke hasemi amechelewa kazini, mtu aliyechelewa kazini hajitupi juu ya jeneza namna ile, hata bibi asiyejua herufi moja analiona hilo, na mjukuu wake ameketi palepale pa siku zote, chini sakafuni, mgongo kwenye magoti yake, anamsomea yale maandishi meupe yanayopita chini ya picha ya kigeni kwenye runinga, "anasema amechelewa kazini, bibi," na Kibonge, rafiki yake tangu shule, akaangua kicheko mpaka bisi zikamwagika, "Eti kazini, mtu kazika mume!", na yule binti nesi, mwenzao wa tatu, naye akacheka, "Mwache, anamtania bibi yake," haya, wanadhani utani, na bibi naye alicheka, meno yake yaliyobaki yote nje, ila moyo haukucheka, maana huu mwaka wa tatu mtoto huyu anamsomea picha na hajamdanganya neno, hata yale ya aibu huyasoma, huyanong'ona tu, na leo tangu mchana wenzake wanacheka kwanza, yeye ndiyo anafuata, kama mtu anayeitikia wimbo asioujua... uchovu, labda ni uchovu, jana si wamepanda mlima hao watatu, wakarudi viatu vimegeuka rangi kwa vumbi, wakalala hapahapa sebuleni, na leo Jumapili miguu imekaza, hakuna anayetaka hata kwenda kuzima jiko, picha inaisha inawekwa nyingine, na Kibonge mdomo wake haujapanda mlima ndiyo maana haujachoka, "Bibi, huyu dereva wako jana kashika mkoba wa huyu nesi mgongoni, kutoka kileleni mpaka chini, hajauachia," na mjukuu, "Kulikuwa na utelezi," na Kibonge, "Utelezi gani, kule kukavu, sema umependa," na nesi akamrushia mto, na bibi asubuhi aliposikia habari hiyo mara ya kwanza alifurahi jamani, alishapika mpaka chai ya posa kichwani, alishamwona mkwe wake... kumbe mkoba, kumbe ulikuwa mkoba tu, kijana mzima anashika mkoba mchana kweupe kama anavushwa barabara, na tena kule juu, Kibonge si alisema, walimwonyesha bati jekundu la shule anayoendeshea basi, akasema naliona, naliona, na uso kaugeuzia mtoni, wakacheka wakakaa chini... naliona, naliona, hivyohivyo marehemu mumewe alikuwa akisema, fundi rangi yule, mikono yake ingepaka ukuta ukadhani umezaliwa nao, alianza na chai, anamimina pembeni ya kikombe, halafu taa, "mke wangu, mbona taa yetu imevaa pete," na yeye, mjinga wa mapenzi, akamsaidia kuficha, akamgeuzia viatu vitazame mlango, akamnong'oneza nani anakuja, na siku aliyomsalimia mwenye nyumba kwa jina la muuza mkaa, yeye ndiye aliyedakia, "Mzee huyu kwa mizaha hajambo," watu wakacheka, yakapita, yakapita hivyo mwaka mzima na zaidi, mpaka ile ngazi, kakanyaga kipago kisichokuwepo, na daktari aliyemfunga nyonga akampima na macho akasema, "Presha ya macho hii, mama, mngewahi tungeizuia, na hutembea kwenye damu, waambie watoto," waambie watoto, na aliwaambia nini, hakuwaambia kitu, aliona wote wanatunga uzi kwenye sindano bila shida, akasema limepita mlangoni, halikuingia... "Bibi, mbona unatetemesha mguu," "Baridi, mume wangu," na joto la humu lingeivisha yai, na kesho, Mola wangu, kesho Jumatatu, alfajiri na mapema anawasha lile basi, watoto wa watu ishirini na wanane, mikoba mikubwa kuliko wao, wanasimama kando ya barabara hukohuko kwenye ukungu kumsubiri, na yeye atawaona na nini, atashika mkoba wa nani... labda anakosea, mzee huwaza mabaya, subiri, yeye macho yake ya mbali bado yapo, ile mistari myeupe haisomi lakini anaiona, inakuja inaondoka, na sasa mwanamke wa kwenye picha anatembea tu ufukweni, kimya, hasemi na mtu, chini ya picha hakuna kitu, maji matupu, na bibi akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, nyororo, ya uchokozi kidogo, "Mume wangu, na hapo anasema nini?" na mgongo ule ukakaza kwenye magoti yake, halafu mjukuu akasema, "Anasema... anasema atarudi nyumbani," na Kibonge hakucheka, mkono wenye bisi umesimama njiani, na nesi kageuka, taratibu, hatazami picha tena, anayatazama macho ya yule kijana, jicho moja halafu la pili, kama wanavyowatazama wagonjwa huko kazini kwao, na chumba kinasubiri, na bibi anajua kinachosubiriwa, neno moja tu la mzaha, analo, anayo hata kumi, aseme huyu kwa uongo hajambo, wacheke, yapite, mgongo wenyewe unamwegemea unamwomba, unapumua harakaharaka, bibi niokoe, bibi sema kitu, na mkono wake ukashuka ukatua kwenye kile kichwa, nywele bado zina vumbi la mlimani, ukakaa hapo, na mdomo akaufunga, akamtazama nesi, na kule kwenye kioo mwanamke bado anatembea, maji yanakuja, yanarudi.