Blanketi la Ciakuthii

Kanana alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali pale Siakago, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna barua iliyotoka mikononi mwake ikiwa na kosa. Herufi moja ikiteleza, hata kama ni katika mstari wa mwisho, aliichomoa karatasi, akaikunjakunja na kuanza upya. Mara nyingi wenzake walirudi kutoka chakula cha mchana wakamkuta pale pale, njaa ikimuuma. Tabia hiyo hakufundishwa na mtu. Mama yake, Ciakuthii, alikuwa mkulima kule Ruiri, naye alipanda maharagwe kwa kukadiria kwa macho tu. Mistari ilienda ilikotaka, na bado alivuna.

Krismasi ya mwaka wa 1986 Kanana alipokwenda nyumbani, mama yake alimtolea furushi la magauni makuukuu.

"Haya yamenichoka nami nimeyachoka," alisema. "Nishonee blanketi la viraka. Siku hizi upepo wa huku unaniingia magotini."

Kanana alifurahi kuombwa. Tangu aanze kupata mshahara, mama yake hakuwa amemwomba kitu. Alilibeba furushi hadi Siakago, akayafua magauni, akayapiga pasi, kisha akakata viraka vya mraba kwa rula ya ofisini. Kila jioni alikaa mlangoni, mahali palipokuwa na mwanga, akashona kwa mkono. Lakini kona za viraka zina ukaidi wao. Nne zinapokutana, moja hupenda kupanda juu ya mwenzake. Kanana akiona hivyo alichukua wembe na kufumua. Alishona safu mbili, akafumua moja. Wiki iliyofuata alishona tatu, akafumua mbili. Vitambaa vyenyewe vilikuwa vimezeeka, na kila alipofumua, vilichomoka nyuzi pembeni, ikabidi avipunguze vyote tena ili vilingane.

Jirani yake Rahema, fundi wa nguo aliyekuwa na kibanda karibu na soko, alipita siku moja akasimama kumtazama.

"Kanana, hilo blanketi unalishona au unalihukumu?"

"Nataka liwe zuri. Ni la mama."

"Basi mpe mama," alisema Rahema, akaenda zake.

Pasaka ilipofika, Kanana alikwenda nalo Ruiri likiwa nusu. Ciakuthii alilipokea, akalitandaza mapajani, akaanza kuvigusa viraka kimoja kimoja kama mtu anayesalimia wageni mlangoni. "Gauni hili nililivaa ulipobatizwa. Hili lilikuwa la shambani. Na hili, loo, hili baba yako alininunulia Meru, akasema duka zima halikuwa na jingine kama hilo." Alijifunika miguu. "Linatosha. Niachie."

"Bado, mama. Halijaisha. Halafu pale katikati pameenda upande."

"Mimi sioni upande wowote."

"Mimi naona."

Mama yake alilikunja mwenyewe, taratibu, akamrudishia.

Mwezi wa sita ilikuja barua ya Mwirigi, mdogo wake Kanana, mwalimu aliyeishi na mama yao pale nyumbani. Mama ana kikohozi, aliandika. Hospitali wamempa dawa. Anauliza kama blanketi liko tayari. Siku hiyo Kanana alikuwa amefumua safu zote za katikati. Alijibu kwa mwandiko safi, usio na hata neno moja lililokatwa: mwezi ujao, bila kukosa.

Mwezi uliofuata alipigiwa simu ofisini, aende nyumbani upesi. Alikuta watu wamejaa uani Ruiri, na mama yake ameshapelekwa chumba cha maiti. Kitandani lilikuwa limebaki koti kubwa la Mwirigi, lile la kazini, limekunjwa upande wa miguuni.

"Alijifunika hilo?" Kanana aliuliza.

"Blanketi lake moja halikumtosha. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali, dada."

Walizika Ijumaa. Watu walipokwisha kutawanyika, Kanana alimfuata ndugu yake nyuma ya jiko.

"Mama aliuliza tena? Lile blanketi?"

Mwirigi aliinama. Aliokota kijiti, akakivunja mara mbili.

"Aliuliza. Nikamwambia unashona."

"Akasema nini?"

"Alicheka kidogo. Akasema, 'Kanana hashoni. Kanana anafumua.' Lakini hakusema kwa ubaya, dada. Alicheka kweli."

Laiti angalisema kwa ubaya, Kanana angalipata pa kushika. Kicheko kile ndicho kilichomvunja.

Alirudi Siakago, akayafungia yale mashono sandukuni, asiguse sindano kwa miezi tisa. Kazini aliendelea kupiga barua zisizo na kosa. Watu walimpa pole, naye akaitikia vizuri, kila kitu mahali pake, hata wengine wakasema amejikaza kama mwanamume. Rahema hakusema hivyo. Jumamosi moja alikuja mlangoni akamwambia, "Njoo ukae nami kibandani. Sikuiti kufanya kazi. Njoo tu."

Kanana alikwenda. Alimkuta Rahema amefunika cherehani yake na kumwaga chini gunia la mabaki ya vitambaa: kanga, sare za shule, lesi, mapande ya mapazia. Rahema aliokota pande lolote lililomjia mkononi, akalishikisha na la kando yake bila kupima. Kilichozidi alikikunja ndani. Kilichopungua alikiongezea kijipande.

"Na futi ya kupimia?" Kanana aliuliza.

"Futi ni ya wateja. Hapa mimi nacheza."

Kanana alijaribu kutazama tu, mikono yake ikakataa kutulia. Mwishowe alichukua pande la kanga na pande la sare, akayaunganisha. Mshono ulipinda vibaya. Mkono wake ukaenda kutafuta wembe.

"Nani anakuja kukagua?" Rahema aliuliza, bila kuinua macho.

Kanana alifikiri. Aliyekuwa na haki ya kukagua alikwisha kukagua siku ile ya Pasaka, akasema linatosha. Aliacha wembe ulipokuwa. Akatafuta kipande cha tatu.

Tangu hapo alikwenda kila Jumamosi. Haikuwa rahisi, kuna siku alirudi nyumbani kichwa kinamuuma kwa sababu ya kona moja tu aliyoiacha ilivyo. Lakini kidogo kidogo alianza kuchagua rangi kwa hamu, kubishana na Rahema juu ya lesi, hata kuisubiri Jumamosi tangu Jumatano. Katikati ya siku hizo alifungua sanduku. Hakuongeza kiraka hata kimoja kwenye blanketi la mama yake. Alizirudishia zile safu za katikati kwa mshono mmoja mrefu, akalipachika bitana, akalizungushia pindo, basi. Lilikuwa dogo, la kufunika magoti tu. Alilituma Ruiri kwa Mwirigi na kijibarua kifupi: Lilikuwa limekwisha tangu Pasaka. Ni mimi tu sikujua.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha Siakago, jambo lisilotokea mara nyingi, na wawili hao wakasogeza viti ndani zaidi. Kanana alishona kiraka chenye maandishi ya kanga, na alipokwisha akagundua amekiweka juu chini, miguu hewani. Rahema akaona pia. Kanana alianza kucheka, kicheko cha tumboni, akamwonyesha jinsi maneno yalivyosimama kwa vichwa. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakurudi. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu simu ile, mashono yakiwa mapajani.

"Mama angalipenda hii," alisema. "Angalicheka kuliko mimi."

Rahema hakumwambia anyamaze. Aliichukua sindano iliyomponyoka, akaitunga uzi mwekundu, akamrudishia mkononi, kisha akavuta upande wake wa kitambaa na kuendelea kushona. Nje mvua iliendelea. Baada ya muda Kanana alifuta uso kwa kiganja, akaendelea na upande wake.