Kigoda cha Jeanne

Jumanne ile, kipindi cha pili, Jeanne Ndayikunda alirudi darasani kutoka kumchotea maji mwalimu wa zamu, na mtandao ukaingia naye.

Kidato cha nne walikuwa wamekaa gizani tangu kengele ilipolia. Madirisha yamezibwa kwa vitenge, projekta imewekwa juu ya madawati mawili yaliyopandanishwa, na ukutani kuna picha ya moyo wa binadamu uliogoma kudunda. Katikati ya moyo kiduara kilikuwa kinazunguka, kinazunguka tu. Madamu Stumai, mwalimu wa baiolojia, alikwisha kuinyanyua kompyuta hadi juu ya kichwa, akaipeleka dirishani, akaipeleka mlangoni, akapanda nayo kwenye kiti. Hata siku za kawaida hakuwa mtu wa kutulia. Jeanne akafungua mlango, akatua ndoo, moyo ukadunda. Damu ikaingia kulia, ikatokea kushoto, na mwalimu wa kwenye video akazieleza vali zote bila kukwama.

Jeanne akatoka kurudisha ndoo stoo. Moyo ukasimama.

"Jeanne!" aliita Stumai. "Hebu rudi."

Akarudi. Ukadunda.

"Kaa hapo hapo, usiende popote," Stumai alimwambia, akaendelea na somo, maana kipindi kilikuwa kimebaki nusu. Baadaye alikwenda kumweleza mkuu wa shule, Mwalimu Kasian, aliyekuwa ofisini anakula muhogo. Kasian alitafuna, akameza.

"Basi asitumwe tena maji," alisema.

Shule yenyewe ilikuwa upande wa Nyakitonto, bondeni, na mnara wa simu uko nyuma ya kilima, umeipa shule mgongo kama mtu aliyenuna. Kompyuta na vishikwambi vililetwa na gari lenye bendera. Mgeni rasmi alisema kuanzia siku hiyo ufundishaji utakuwa wa kimtandao: video, maabara za kwenye skrini, maswali ya papo kwa papo na shule nyingine. Akakata utepe, akapigwa picha, na picha hizo ilibidi akazitume akiwa Kasulu mjini. Mahali pamoja tu pale kijijini palishika mtandao, msumari uliokuwa kwenye ukuta wa duka la Bazilio. Watu walitundika simu zao hapo asubuhi ndani ya mifuko ya nailoni, wakaenda shamba, jioni wakarudi kuona kilichoingia. Ndiyo maana hakuna aliyetoa macho. Mtandao una mahali pake pa kukaa. Zamani ulikaa kwenye msumari, sasa umekaa kwa mtoto wa Ndayikunda.

Stumai alikuwa mtu wa Muheza. Tangu apangiwe Kigoma alikuwa anaomba uhamisho kila dirisha la maombi linapofunguliwa, na sanduku lake halijawahi kutolewa nguo zote. Lakini sasa alipata kazi ya kuitumia ile miguu isiyotulia. Alipasua chura kwenye skrini bila chura kufa. Aliwaunganisha wanafunzi wake na wenzao wa sekondari moja ya Kibondo, wakaonana ukutani, wakapungiana mikono, wakabishana usanisinuru mpaka kengele ya chakula. Kwenye maswali ya papo kwa papo kila mtu aliingia kwa jina lake la kwenye mfumo. Jina la Jeanne halikuwemo kwenye mfumo, kwa hiyo aliingia kama "Mgeni". Mgeni alishinda karibu kila mara. Watoto wa Kibondo wakawa wanauliza kabla hata ya salamu, "Mgeni yupo leo?"

Kasian akaona si haki kidato cha nne wafaidi peke yao. Wakampima Jeanne huku na huku, wakagundua kwamba akikaa barazani, kati ya madarasa mawili, mgongo ukutani, pande zote zinapata. Akatafutiwa kigoda.

"Utasikia kupitia dirishani," Kasian alimwambia. "Masikio unayo."

Masikio alikuwa nayo, akasikia. Akikohoa, picha ilikatakata. Akiwa na njaa, sauti ilichelewa, ndipo kamati ya shule ikapitisha kikombe cha uji saa nne. "Oyaa, Jeanne, sogea kushoto, inazunguka!" wenzake walipiga kelele kutoka ndani, naye akasogea. Mchana wanakijiji walikuja kukaa karibu naye na simu zao. Mama Maximilla alipokea sauti ya mwanawe, aliyezikwa mwaka juzi, akimwambia amefika salama na asiwe na wasiwasi. Aliisikiliza mara mbili, akamshukuru Jeanne, akamwachia kichane cha ndizi.

Jambo lililomkosesha Stumai raha lilikuwa mtihani wa taifa. Jeanne alitaka kusomea uuguzi. Bila mtihani wa kidato cha nne hakuna uuguzi, na bila jina kwenye mfumo hakuna mtihani. Baba yake, Mzee Ndayikunda, aliletwa kutoka Burundi mgongoni mwa mama yake, akakulia Kasulu, akalima Kasulu, mwishowe akapewa uraia, na cheti chake kikaorodhesha watoto wake wote. Jeanne alizaliwa wakati cheti kimeshapigwa chapa.

Wakaenda Kasulu mjini watatu: Stumai, mzee na binti. Kwenye ofisi ya usajili na vitambulisho foleni ilikuwa imefika barabarani, watu wamejikunyata kwenye masweta, kwa kuwa mtandao ulikuwa umelala tangu juzi. Jeanne alipoingia kuuliza choo kiko wapi, mashine zikaamka zote. Karani akamwomba akae kwenye benchi. Foleni ikaanza kwenda. Mwenye cheti cha kuzaliwa akapata, mwenye kitambulisho akapata, bwana mmoja aliyekuwa akifuatilia jina lake kwa miaka akatoka nalo mkononi analibusu. Kila aliyetoka alipita kwenye benchi.

"Asante, binti."

"Karibu," Jeanne alijibu.

Zamu yake ilipofika, karani aliandika jina, akangoja. Mtandao ulikuwa na nguvu kuliko wakati wowote. *Hakuna taarifa*, mashine ikasema.

"Linashughulikiwa," karani aliwafariji. "Ila naomba binti asiondoke kwanza, bado watu wachache tu."

"Ego," alisema Mzee Ndayikunda, ambayo kwao ni ndiyo, akaketi kungoja. Stumai alizunguka jengo lile mpaka viatu vikamuuma.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kabla jina halijatoka, akaja Saady, afisa wa TEHAMA kutoka wilayani, na kazi ya uhakiki: mwanafunzi asiyeonekana kwenye mfumo atoke shuleni siku hiyo hiyo. Aliita majina darasani, akatoka barazani, akamkuta Jeanne kwenye kigoda.

"Na huyu?"

Kasian akatazama viatu vyake. Stumai ndiye aliyejibu, na alijibu haraka, kama mtu anayezima mafuta yaliyoshika moto jikoni.

"Huyo si mwanafunzi, afisa. Huyo ni kifaa."

"Kifaa cha nini?"

"Cha mtandao."

Saady akatoa simu. Akamsogelea Jeanne, akarudi nyuma, akamsogelea tena. "Kinashika vizuri," alisema. "Mbona hakina namba?"

"Hilo ni kosa letu," Stumai akakiri.

Saady alikuwa na kopo la rangi nyeupe kwenye gari, lile la kuandikia madawati. Akaandika namba kwenye kigoda, akafikiri kidogo, akaandika namba ile ile kwenye pindo la sweta la Jeanne. Kisha akaingiza namba hiyo na jina la Jeanne kwenye orodha ya vifaa, akasoma kanuni kwa sauti: kifaa cha umma hakitolewi shuleni bila kibali cha maandishi. Hicho ndicho Stumai alichokuwa anakitaka. Gari lilipoondoka, walimu walimpigia makofi. "Madamu, wewe kiboko!" walimwambia, naye akacheka mpaka machozi, kwa furaha kabisa.

"Madamu, mimi ni kifaa?" Jeanne aliuliza.

"Kwa muda tu, mwanangu. Mpaka jina lako litoke."

"Sawa."

Mzee Ndayikunda alipoelezwa, aliigusa ile rangi kwenye sweta. Ilikuwa imeshakauka. "Mimi nimeitwa mkimbizi," alisema. "Nikaitwa mwombaji, nikaitwa raia mpya. Hili la kifaa ndiyo kwanza nalisikia." Kisha akaenda kupalilia maharage yake.

Jina lilitoka mwezi wa saba. Dirisha la watahiniwa waliochelewa lilikuwa bado wazi, na Stumai alikimbia kutoka getini hadi barazani na karatasi mkononi, khanga inamdondoka. Akaifungua kompyuta pale pale mbele ya kigoda, akaingiza jina la Jeanne kwa mtandao wa Jeanne. Kiduara kilizunguka. Yakatokea maandishi mekundu: *Taarifa hizi zimeshatumika. Angalia: Vifaa.*

Akampigia Saady.

"Mbona rahisi," Saady alisema. "Kifaa kikiharibika kinafutwa, na jina linakuwa huru. Nitakuja Alhamisi kukikagua."

Jumatano Stumai alimwita Jeanne nyuma ya jiko. "Kesho usishike," alimwambia. "Sikia, mwanangu. Fanya ufanyavyo, usishike."

Jeanne alijitahidi, hilo hakuna wa kumsingizia. Uji hakunywa. Alijifunika blanketi la mama yake, akajikohoza mpaka sauti ikakauka, na Saady alipokaribia akabana pumzi. Saady alinyoosha simu. Vijiti vya mtandao vikasimama vyote, na papo hapo simu ikaita: mke wake, kutoka Gwarama, anauliza kama amekula. Sauti yake ilisikika barazani kote, safi, mpaka na jogoo aliyekuwa uani kwake.

"Bado kizima," Saady alisema alipokata simu. "Hongereni kwa utunzaji."

Jeanne akaachia pumzi. Stumai alipandwa na hasira, akatafuta mtu wa kumrukia, na kila alipotafuta alijikuta ni yeye mwenyewe. Ulimi wake ndio uliosema kifaa. Alijifungia ofisini, akalia kwa sauti, na walimu wenzake wakasubiri nje na madaftari yao mpaka alipomaliza.

Siku ya mtihani msimamizi mkuu alifika na askari na bahasha zilizofungwa. Jambo la kwanza alilouliza ni vifaa vya mawasiliano. Kasian akaonyesha barazani. Kanuni ilikuwa wazi: kifaa kisiwe karibu na chumba cha mtihani. Jeanne akabeba kigoda chake, msimamizi akamfuata nyuma, askari akabaki chumbani na simu mkononi, wakavuka uwanja, wakavuka uzio wa minyaa, wakaingia kwenye shamba la kahawa la Bazilio, mpaka askari akapiga filimbi kwamba vijiti vya mwisho vimezimika chumbani.

"Hapo," msimamizi alisema. "Kisisogezwe."

Stumai alikwenda kukaa naye chini ya mibuni. Hakuwa na kazi nyingine. Jeanne alikuwa amekuja na kalamu mbili, moja ya akiba, na rula. Alizipanga mapajani na kuzitazama. Kila baada ya muda Stumai alisimama, akatembea hadi uzioni, akachungulia chumba kilivyo kimya, akarudi.

Walipotoka mtihanini, wenzake Jeanne walikuja mbio kupitia kwenye kahawa. "Jeanne, ile ya vali, jibu lilikuwa nini?" aliuliza Anania, aliyekuwa akikaa naye dawati moja kabla ya mambo ya kigoda. Jeanne akawaeleza vali, akawaeleza na ile ya usanisinuru. Waliopata walirukaruka. Waliokosa walishika vichwa.

Matokeo yalitoka Januari, kwenye mtandao. Shule nzima ilikuja, na wazazi, na watu ambao hawakuwa na mtoto pale, wakamzunguka Jeanne barazani huku simu zimeinuliwa. Majina yakaingia moja baada ya jingine. Anania amefaulu. Mtoto wa Bazilio amefaulu. Shule ile haikuwahi kufanya vizuri namna hiyo, na Kasian alicheza na sahani ya muhogo mkononi. Kila aliyeona jina lake alimgusa Jeanne begani, akamwambia asante, akaondoka.

Simu ya Stumai nayo ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka utumishi: uhamisho wake umekubaliwa, aripoti Muheza mwezi ujao. Aliusoma akiwa amesimama. Aliusoma tena akiwa anatembea.

Baraza lilipobaki tupu, Jeanne akasema, "Madamu, na mimi nitazame?"

Stumai akampa simu. Jeanne aliandika jina lake lote, polepole, akabonyeza. Kiduara hakikuzunguka hata kidogo. Mtandao ulikuwa mwingi mno. *Hakuna taarifa*. Akairudisha simu kwa mikono miwili.

Stumai aliipokea, akatembea hadi ukingoni mwa baraza, akarudi. Sanduku lilikuwa nyumbani, limeshajaa nusu tangu zamani. Alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kile kile walichosema wote.

"Asante, Jeanne."

"Karibu, madamu."

Ndani, kidato cha nne wapya walikuwa wameshaziba madirisha. "Wewe wa barazani!" mmoja akapaza sauti. "Sogea kushoto, inazunguka!"

Jeanne akanyanyua kigoda, akasogea kushoto, na moyo ukadunda.