Petroli Iliyoruka

Jumatatu saa moja asubuhi dereva alifungua boneti ya lori lake, akatoa kifuniko cha chujio la hewa, akamimina kizibo kimoja cha petroli kwenye mdomo wa kabureta. Ndivyo lilivyoamshwa miaka yote. Lilikuwa lori la petroli, kuukuu kuliko ndoa yake, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: likikaa siku tatu nne bila kazi, ile petroli kidogo inayobaki kwenye bakuli la kabureta huruka hewani. Hapo ukizungusha ufunguo unasikia stata ikilia tu, kama mtu aliyenyimwa, mpaka ulinyweshe kwa mkono. Mtaa mzima uliujua ugonjwa huo. Watoto walikuwa wakiuigiza kwa midomo.

Lakini Jumatatu hiyo lori lilikataa ufunguo bila kuwa limelala siku tatu. Lilikuwa limebeba kokoto Jumapili hadi jioni, na dereva alikuwa ametia lita kumi kabla ya kuliegesha. Liliponyweshwa likakohoa mara moja, likazimika. Alipochovya kijiti kwenye tangi, kilitoka kikavu.

Alimwita fundi. Fundi akalala chini ya lori kifudifudi, kisha chali, akapapasa mipira na viungo vyote, akanusa udongo.

"Halivuji," alisema akijipangusa. "Petroli imeruka."

"Yote? Kwa usiku mmoja?"

"Yote. Lako limezidisha." Akakusanya spana zake, akaenda kunywa chai.

Dereva alibaki na kijiti chake mkononi. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisema neno hilo, na halikuwa limetimiza hata wiki mbili.

Siku ile ilikuwa saa nane mchana. Shemeji yake, fundi cherehani, mume wa mdogo wake aliyekuwa mjamzito, alikuja mbio, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni. "Shemeji, mdogo wako anatoka damu. Nyingi. Twende naye hospitali, fanya haraka."

Dereva alikuwa amekaa kivulini, ameegemea tairi. Alisimama, akachungulia mbele kwenye viti. Viti vilikuwa na vitambaa vipya vya rangi ya maziwa, vyenye mshono mwekundu pembeni. Shemeji huyo huyo ndiye aliyevishona, akavileta juzi yake vimekunjwa kwenye gazeti, akakataa katakata malipo. Dereva alivitazama, kisha mdomo wake ukasema, kama mtu anayefukuza nzi:

"Halitawaka hili, shemeji. Limelala wiki nzima, na sina hata tone la kulinywesha. Petroli imeruka."

Asubuhi ile ile lori lilikuwa limekwenda kuchukua mchanga na kurudi, mara mbili, ya mwisho saa saba.

Shemeji aliegemea boneti kwa mkono kuvuta pumzi. "Sawa," alisema, akakimbia kutafuta mkokoteni.

Walimsukuma mgonjwa kwa mkokoteni hadi hospitali, na njia ile ina mlima. Mama akapona. Mtoto, wa kike, alizaliwa akiwa amekwisha nyamaza.

Mazishini watu walimjia dereva mmoja mmoja kumpa mkono. Walimwambia gari ni chuma tu, asijilaumu, angekuwa na uwezo angefanya. Naye akawajibu wote, "Ahsanteni." Uongo wenyewe aliuzoea haraka. Ile ahsante ndiyo iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa basi, Jumatatu hiyo, fundi alipokuwa bado kwenye chai yake, mdogo wake dereva aliingia uani akiwa na dumu la lita kumi kichwani. Alitembea polepole, kama mtu ambaye mwili bado haujarudi wote. Akalitua.

"Shikamoo, kaka. Mafuta yako haya."

"Marahaba. Umeyatoa wapi?"

"Yameshuka kwetu usiku. Kwenye kile chumba kidogo, yanadondoka kutoka darini. Nimekinga kwa beseni."

Chumba kidogo ndicho walichokuwa wamekipaka rangi kwa ajili ya mtoto. Dereva alinusa dumu. Ilikuwa petroli safi, haina hata vumbi. Akaimimina kwenye tangi, akanywesha kabureta, na lori likawaka mara moja. Mdogo wake alisubiri mpaka dumu liwe tupu, akalichukua, akaenda zake.

Ikawa hivyo kila siku. Petroli yoyote aliyobakiza jioni ilikuwa imeruka asubuhi, na saa moja kamili mdogo wake aliingia uani nayo kichwani. Dereva alijaribu kubadilisha kizibo cha tangi. Alijaribu kuliegesha lori mtaa wa mbali. Alijaribu kulilaza bila tone hata moja, na siku hiyo mdogo wake alikuja mikono mitupu kumwambia kuwa usiku hakikushuka kitu, asije akasubiri bure.

Mtaani jambo hilo lilizungumzwa wiki moja, kisha likazoeleka. Mwenye nyumba waliyopanga mdogo wake na mumewe aliwakataza tu wasiwashe moto ndani, kwa hiyo mdogo wake akahamishia jiko nje, akawa anapikia mvuani msimu mzima. Jirani mmoja aliwapa faneli ya kumiminia. Mwingine alimshauri shemeji auze ile petroli, kwani riziki iliyoshuka kutoka juu haina mwenyewe.

"Ina mwenyewe," shemeji alijibu bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Ya kaka yake mke wangu."

Na watu wakamsifu dereva kwa kupata ndugu waaminifu. "Wengine wangekuibia," walimwambia. Naye akasema ahsanteni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya dereva ilifika mwezi wa tatu. Alikuwa amekonda, na asubuhi alianza kujificha chooni saa moja ikikaribia, lakini mdogo wake alimsubiri tu pale kwenye boneti, na dumu lake. Hakupata kumgongea. Siku moja dereva alitoka, akasimama mbele yake, akakosa pa kuweka mikono.

"Mdogo wangu," alisema. "Siku ile. Lori lilikuwa linawaka."

"Najua, kaka."

"Unajua?"

"Mume wangu alipokuja kukuita aliweka mkono kwenye boneti. Ilikuwa ya moto."

Mwanamke mmoja alipita na ndoo, akawasalimia, wakamwitikia wote wawili.

"Mbona hamkusema? Mazishini pale, watu wote wale?"

"Tungesema nini?" Hakuinua sauti. "Wewe ndiye kaka niliye naye. Tungesema, halafu?"

"Nisamehe."

Aliifikiria kauli hiyo kama mtu anayepima kitambaa ambacho hakimtoshi. "Sijui, kaka," alisema hatimaye. "Siku nikijua nitakwambia. Mimina, mchanga wa watu unasubiri."

Akamimina. Petroli kidogo ikamwagika kwenye kidole, ikaruka palepale na kuacha baridi. Lori likawaka.

"Panda nikusogeze," alisema. "Napita kwenu."

"Nitatembea."

Alitoka na dumu tupu. Dereva alitia gia, akatoka nyuma yake. Njia ile ni nyembamba, ukuta huku na mtaro kule, na lori halina pa kumpita mtu asipojibanza. Mdogo wake hakujibanza. Alitembea katikati kwa mwendo wake ule wa polepole, na dereva akamfuata kwa gia namba moja, hakuthubutu kupiga honi. Nyuma yake zikajipanga pikipiki mbili, kisha gari la maji, kisha foleni. Wakapiga honi kwa niaba yake. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, limekuharibikia?"

Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Ndiyo," alisema. "Petroli haipandi."

Wakampa pole, wakatulia kusubiri.

Asubuhi iliyofuata, saa moja kamili, mdogo wake aliingia uani. Dumu lilikuwa limejaa hadi shingoni.